RAM imegoma kuingia kwenye sloti: tujadili namna ya kuchagua RAM inayopatana na PC unayoiunda mwenyewe

Sandukujeusi

Wakuu salaam. Naandika huku kidole gumba kinauma.

Naunda PC yangu ya kwanza. Prosesa Core i5-12400, mazabodi ya B660, pawa saplai, keisi, vyote vimekaa vizuri. Ikafika zamu ya RAM: vipande viwili vya GB 16, DDR4-3600 CL18 (DDR4 ni kizazi cha RAM, 3600 ni kasi, CL ni uchelewaji). Nikabonyeza, haikuingia. Nikaigeuza, haikuingia. Nikajiambia ni ugumu wa kitu kipya, nikaongeza nguvu mpaka nikaona ubao unaanza kupinda. Hapo ndipo akili iliporudi.

Kuchungulia kisanduku, kumbe mazabodi yangu ni ya DDR5. Modeli hiyohiyo ipo pia ya DDR4, jina lilelile, tofauti ni herufi na tarakimu moja tu mwishoni: D4. Jina nililisoma, mkia wake sikuusoma.

Baada ya kujilaumu vya kutosha nikakaa chini kusoma, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Wazoefu mnirekebishe.

RAM haichaguliwi kwanza. Inafuata prosesa na mazabodi. Kwa prosesa za AMD, soketi (tundu la prosesa kwenye ubao) ya AM4 ni DDR4 tu, hata ufanyeje. AM5, iliyokuja 2022, ni DDR5 tu. Intel ndiko kwenye mtego: soketi ya LGA1700, yaani kizazi cha 12, 13 na 14, prosesa inakubali DDR4 na DDR5 zote, lakini mazabodi kwa kawaida inakuwa na sloti za aina moja. Anayeamua ni ubao. LGA1851 ya Core Ultra 200S imerudi kuwa rahisi, ni DDR5 pekee.

Kilichonidanganya macho ni kwamba DDR4 na DDR5 za deskitopu zote zina pini 288 na urefu uleule. Tofauti ni kile kipengo cha chini, hakikai sehemu moja. Kimewekwa makusudi ili watu kama mimi wasiunguze kitu, maana DDR4 inakula volti 1.2 na DDR5 volti 1.1, tena DDR5 inabeba kidhibiti chake cha umeme kwenye kipande chenyewe. Kipengo kisipolingana na kijino cha sloti, acha. Usisukume.

Swali langu: nirudishe mazabodi nichukue ya DDR4, au nirudishe RAM nichukue DDR5? Nafanya kazi za kawaida, kuhariri video kidogo, na magemu.

---

kimyakimya

Pole mkuu, umeandika historia ya maisha yangu. Mimi nilinunua RAM ya laptopu kwa ajili ya deskitopu. Niliona "DDR4 3200 GB 16" nikamaliza. Imefika ni nusu ya urefu.

---

Tia_Nati

@kimyakimya hiyo inaitwa SO-DIMM mkuu. Ya deskitopu ni DIMM, au UDIMM kwa kirefu kidogo. Ukiona neno SO mbele, ni ya laptopu na vile vikompyuta vidogo vya mezani.

Na kuna ndugu yake hatari zaidi: RDIMM, RAM ya seva. Hizi zinauzwa zikiwa zimetolewa kwenye seva za zamani, GB nyingi kwa hela kidogo, mtu anaona zali. Ya DDR4 inaingia vizuri kabisa kwenye sloti ya mazabodi ya kawaida, vibanio vinafunga, unawasha, skrini giza. Haitawaka hata siku moja, maana ina chipu ya kati inayopokea amri kabla hazijafika kwenye kumbukumbu, na prosesa hizi za nyumbani hazijui kuongea nayo. Kwenye DDR5 wamebadilisha kipengo, RDIMM haiingii tena kwenye sloti ya UDIMM. Kwenye lebo tafuta herufi R baada ya namba ya kasi, mfano PC4-2400T-R. Ukiiona, kimbia.

---

Mzee_wa_BIOS

Sandukujeusi, uliyoandika ni sahihi. Naongeza lile ambalo wengi hawalijui mpaka limewakuta.

Namba iliyochapwa kwenye RAM ni ahadi yenye masharti. Ukinunua DDR5-6000 ukaichomeka, mara nyingi itawaka ikiwa 4800. Zile 6000 zimehifadhiwa kwenye profaili ndani ya kipande, inaitwa XMP kwa upande wa Intel na EXPO kwa upande wa AMD. Lazima uingie BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) uiwashe kwa mkono wako. Nimekutana na watu wametumia mashine miaka miwili RAM ikitembea kasi ya chini kwa sababu hiyo tu.

Halafu ujue ukiiwasha unakuwa umetoka nje ya kile mtengenezaji wa prosesa anachokihakikishia. Kwa prosesa za AMD, Ryzen 7000 rasmi ni 5200, Ryzen 9000 ni 5600. Core kizazi cha 12 ni DDR5-4800 au DDR4-3200. Zaidi ya hapo ni ovakloki, yaani kuendesha kupita kasi rasmi. Kwa kawaida inakubali bila shida, lakini ikikataa huna wa kumlaumu.

Kwa hiyo ukisoma mazabodi imeandikwa "inakubali mpaka 7600+", usichukulie kwamba prosesa yako itafika huko. Ubao unaongelea njia zake za shaba. Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, na kila prosesa ina bahati yake.

---

nusu_gigabaiti

Wakuu mimi nipo AM5, prosesa Ryzen 5 7600 na mazabodi ya B650. Sloti ziko nne. Nina wazo la kuchukua vipande vinne vya GB 16, 6000 CL30, nijaze zote, ipendeze na mataa yake. Kuna ubaya?

---

Mzee_wa_BIOS

Upo. Kwa vipande vinne, kasi rasmi ya AMD kwenye hiyo prosesa inashuka mpaka 3600. Watu wanafika juu ya hapo kwa kuhangaika na BIOS, lakini kuiota 6000 na vipande vinne ni kujitafutia usiku mrefu.

Prosesa hizi zina chaneli mbili za kumbukumbu, yaani njia mbili za data kati yake na RAM, basi. Sloti nne maana yake kila chaneli inagawana sloti mbili kwenye waya uleule. Ukijaza zote hupati chaneli nne, unaongeza mzigo kwenye chaneli zilezile mbili, na DDR5 kwa kasi yake ni nyepesi mno kukasirika.

Unataka GB 64? Chukua 2x32, yaani vipande viwili vya GB 32. Unataka kidogo zaidi ya 32? Kuna vipande vya GB 24 na vya GB 48, vilianza kuingia sokoni 2023. Hivyo visasishie BIOS kwanza, matoleo ya mwanzo ya mazabodi nyingi hayavijui.

---

nusu_gigabaiti

Sasa si nianze na 2x16 leo, nikipata nguvu niongeze seti nyingine ileile baadaye?

---

Bi_Waya

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipopotelea mimi, ngoja nikusimulie.

Nilikuwa na DDR4, seti ya 2x8. Baada ya mwaka nikanunua seti nyingine, jina lilelile, namba ya modeli ileile, rangi ileile. Nilizilinganisha lebo kama mtu anayekagua pasipoti. Nikaweka zote nne. Inawaka, kila kitu kizuri, halafu siku ya pili naandika barua tu, skrini ya bluu. Natazama filamu, sawa. Nabana faili kubwa, linaharibika. Nilishuku kila kitu: Windows, kadi ya grafiki, SSD. Nimepanga upya mfumo mara tatu! Siku nilipotoa seti ya pili, amani.

Ikaja kugundulika chipu za ndani hazikuwa za kiwanda kimoja. Walio wengi wanaouza RAM wananunua chipu kwa Samsung, SK hynix au Micron, na modeli moja inaweza kubadilishiwa chipu katikati ya mwaka bila jina kubadilika. Wengine huandika namba ndogo ya toleo kwenye lebo, wengine hawaandiki chochote. Seti moja imepimwa pamoja. Seti mbili zinazofanana hazijawahi kuonana.

Nunua unachokihitaji mara moja, kwenye pakiti moja.

---

Tia_Nati

Kuwa mkweli lakini dada, wapo waliochanganya na mambo yakaenda. Mimi nina mashine ina RAM za makampuni mawili tofauti, 8+8, mwaka wa nne huu.

---

Bi_Waya

Kwa kasi gani?

---

Tia_Nati

2666 😄

---

Bi_Waya

Haya basi.

---

Mzee_wa_BIOS

Hahaha. Ila Tia_Nati ana hoja. Kuchanganya kwa kasi ndogo kunawezekana, mfumo utazifuata zote kwa kipande kilicho dhaifu zaidi. Tatizo ni kuchanganya halafu udai kasi ya profaili. Kwa mtu anayejenga upya leo hakuna sababu ya kuanza na viraka.

---

kimyakimya

Naomba kueleweshwa kuhusu CL. DDR4 naona CL16, DDR5 naona CL30, CL36, CL40. Si kwamba DDR5 inachelewa mara mbili? Jamaa yangu anasema DDR4 bado ni mfalme kwa sababu hiyo.

---

Sandukujeusi

Hili nimelisoma jana, ngoja nijaribu, mwalimu atasahihisha.

CL ni idadi ya midundo ya saa RAM inayosubiri kabla ya kuanza kutoa data. Sasa mdundo wa RAM yenye kasi ni mfupi. Kwa hiyo huwezi kulinganisha 16 na 30 kama vile ni kitu kimoja, ni sawa na kuhesabu hatua za mtoto na za mtu mzima. Zigeuze kuwa nanosekunde: CL mara 2000, gawanya kwa kasi.

DDR4-3200 CL16 ni nanosekunde 10.
DDR5-6000 CL30 ni nanosekunde 10.
DDR5-6000 CL40 ni 13.3.
DDR5-4800 CL40 ni 16.7. Hii ndiyo iliyoipa DDR5 jina baya ilipoanza.

Wakati huohuo data inayopita kwenye chaneli moja ya DDR4-3200 ni GB 25.6 kwa sekunde, DDR5-6000 ni GB 48. Kwa hiyo DDR5 nzuri haichelewi zaidi, ila inapobeba inabeba karibu mara mbili.

---

Mzee_wa_BIOS

Umeitendea haki. Nyongeza mbili.

Ile 6000, wenzetu hawaiiti namba takatifu bila sababu. Ni DDR, data inapita mara mbili kwa kila mdundo, saa yenyewe ni 3000 MHz. Kwenye AM5 kidhibiti cha kumbukumbu kinaweza kwenda sambamba na saa hiyo mpaka hapo, wengine wenye bahati mpaka 3200 yaani RAM ya 6400. Ukipita, kidhibiti kinashuka kutembea nusu ya saa ya RAM, na faida uliyolipia inaliwa. Ndiyo maana kila mwenye AM5 anaambiwa 6000 CL30 au jirani zake. Na ukifungua CPU-Z (programu ya kuonyesha vipimo vya kompyuta) ukaona 3000, usije humu kulalamika umetapeliwa. Tunapata uzi wa aina hiyo kila baada ya muda.

La pili, kwa DDR5 epuka vipande vya GB 8. Vimejengwa kwa chipu nne pana badala ya nane, makundi ya ndani ya kumbukumbu yanakuwa nusu, kwa hiyo ni vizito kidogo hata namba zikilingana. Anzia 2x16.

---

nusu_gigabaiti

Kwa hiyo 2x16 6000 CL30. EXPO lazima? Nimeona seti moja ina XMP tu.

---

Mzee_wa_BIOS

Si lazima. Mazabodi za AMD kwa kawaida husoma XMP pia. Ila profaili ya EXPO imepangwa kwa kufikiria AMD, na zipo seti zenye zote mbili. Kama una uchaguzi, chagua EXPO.

Kabla hujanunua fungua ukurasa wa mazabodi yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya QVL. Ni RAM walizozijaribu wenyewe kwenye ubao huo. Angalia namba kamili ya modeli, herufi kwa herufi, na angalia safu inayosema imejaribiwa kwa vipande vingapi. Wengi hawaifikii hiyo safu. RAM inaweza kuwemo kwenye orodha kwa vipande viwili tu, mtu akanunua vinne akisema "si imo kwenye orodha". RAM isipokuwemo haina maana haifanyi kazi, hawawezi kujaribu kila kitu duniani. Baadhi ya watengenezaji wa RAM nao wana orodha zao upande wa pili, unaingiza jina la ubao unapewa zinazopatana.

---

Tia_Nati

Na urefu jamani! Mnaongelea nanosekunde, mtu anafika mwisho feni haikai.

Kipande kisicho na mapambo kina urefu wa milimita 31 hivi. Chenye mataa kinaweza kupita 40. Vipozaji vikubwa vya hewa vinaning'inia juu ya sloti. Noctua NH-D15 kwa mfano, ikiwa na feni zake zote mbili, inaacha milimita 32 tu kwa RAM. Unaweza kuipandisha feni ya mbele, lakini sasa kioo cha keisi hakifungi. Nilishawahi kumaliza jengo zima kisha nikalifumua kwa sababu ya milimita nane za taa.

---

nusu_gigabaiti

Basi mataa nimeyaacha. Kuna sloti nne, naweka zipi?

---

Tia_Nati

Ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye ubao zimeandikwa A2 na B2. Hakikisha kwenye kitabu chake, lakini karibu zote ni hivyo. Usiweke mbili zilizogusana kama A1 na A2, zote zitakuwa chaneli moja na nusu ya kasi umeitupa. Ukiwa na grafiki za ndani ya prosesa ndiyo utalia kabisa, maana zinatumia RAM hiyohiyo kuchora picha.

Sukuma mpaka usikie mlio. Mazabodi nyingi siku hizi zina kibanio upande mmoja tu, upande wa pili unaweza kudhani umekaa kumbe umeinuka.

---

Sandukujeusi

Mbona mimi mmenisahau? 🙂 DDR4 au DDR5?

---

Mzee_wa_BIOS

Hatujakusahau, uzi umenoga. Kwa i5-12400 ningebadilisha mazabodi nikabaki na DDR4. RAM umeshafungua, unayo, na prosesa hiyo haitaona tofauti kubwa kwa kazi ulizotaja. Ungekuwa unaanza sifuri na prosesa mpya jibu lingekuwa DDR5 bila mjadala.

Lakini nakutahadharisha. Usitegemee ile 3600 kirahisi. Prosesa za kizazi cha 12 zisizo na herufi K zimefungwa volti ya System Agent, ndiyo inayolisha kidhibiti cha kumbukumbu. Kwa DDR4 kwenye Gia 1, yaani kidhibiti na RAM vikienda saa moja, nyingi zinakwama kabla ya 3600. Ubao ukikupeleka Gia 2 ili ufike 3600, utakuwa umepata namba nzuri na uchelewaji zaidi.

---

Sandukujeusi

Narudi baada ya siku nne.

Mazabodi ya DDR4 imefika. Safari hii nilisoma mkia kwanza. RAM imeingia kwa kidole kimoja, mlio nimeusikia, nilitaka kulia.

Nikawasha XMP 3600. Imewaka, Windows imefunguka, nikaja kujigamba humu, kabla sijaandika ikaganda. Mzee aliona mbali. Nikaanza upya, nikaingia BIOS nikaweka 3200 kwa mkono, taimingi nikashusha kutoka 18 kwenda 16, Gia 1, volti 1.35 ileile ya profaili. Nikapiga hesabu: 3600 CL18 ni nanosekunde 10. 3200 CL16 ni nanosekunde 10. Nimepoteza upana kidogo, uchelewaji ni uleule.

MemTest86 (programu ya kupima RAM) imezunguka mara nne usiku kucha, makosa sifuri.

---

Bi_Waya

Hongera mwanangu. Ningeifanyia hivyo ile yangu mapema nisingepanga Windows mara tatu.

---

nusu_gigabaiti

Wakuu dharura. Nimeunganisha 2x16 EXPO, sloti A2 na B2, nimebonyeza pawa. Feni zinazunguka, skrini nyeusi, dakika tatu sasa. Taa ya DRAM kwenye ubao inawaka rangi ya chungwa. Nizime?

---

Mzee_wa_BIOS

USIZIME. AM5 mara ya kwanza inajipima na RAM mpya, inatafuta majira na volti za kila waya. Inaweza kuchukua dakika kadhaa na inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kaa mbali na hicho kitufe. Ikipita robo saa ndiyo uniite.

---

nusu_gigabaiti

Imejizima.

Imejiwasha.

Nembo imetokea!!! BIOS inasoma GB 32, kasi 4800.

---

Tia_Nati

Sasa washa EXPO, na ukubali itajipima tena.